Kabla hujaliita jiwe dhahabu, litumbukize majini

Picha za mawe haziishi kuja. Msomaji anaweka kipande kinachong'aa kiganjani, mara nyingine kando ya sarafu ya shilingi 200 ili nione ukubwa wake, kisha anauliza: hii ni dhahabu? Zinatoka Chunya, Geita, Kahama, hadi Migori ng'ambo ya mpaka, na taarifa ya habari ikisema bei imepanda ndiyo zinamiminika. Karibu kila ujumbe una mkia. Kuna mtu ameshalitazama jiwe hilo, amelipaka kitu au amelisomea, na sasa anadai hela ya kulisafisha. Mkia huo ndio ulionikalisha chini kuandika makala haya.

Kwa picha peke yake, jibu langu ni fupi: sijui, na anayekwambia anajua anakudanganya. Rangi ndiyo sifa dhaifu kuliko zote za madini. Kwarizi safi haina rangi, lakini ikiwa na chuma kidogo sana huweza kuwa ya zambarau. Tanzanaiti nyingi za Mererani hutoka ardhini zikiwa na rangi ya kahawia, nazo hupata ubuluu ule unaouzwa duniani baada ya kupashwa moto kwenye tanuri, nyuzi joto 500 hivi. Jiwe ni lilelile. Kwa hiyo unjano wa kipande chako haujaniambia lolote bado.

Wanaowadanganya watu zaidi ni wawili. Wa kwanza ni ulanga, ule uliochimbwa milima ya Uluguru tangu enzi za Mjerumani. Unameta kama dhahabu kwenye mchanga wa mto, lakini tikisa karai uone: maji yanaubeba, wakati dhahabu inang'ang'ania chini. Ukiubandua kwa ukucha unatoka utando kwa utando, na utando huo ukiukunja unarudi ulivyokuwa. Wa pili ni mjanja zaidi: pairaiti, yaani chuma kilichoungana na salfa. Mara nyingi hujitengeneza vipande vya pembe nne vilivyonyooka utadhani vimepitishwa msumeno, vya manjano, vizito kidogo mkononi. Fomula yake ni FeS₂. Chukua chuma 55.8, ongeza salfa mbili za 32.1 kila moja, na utaona kuwa zaidi ya nusu ya uzito wake, asilimia 53, ni salfa. Kuna watu wameuza ng'ombe kununua salfa.

Kuwatenganisha hawa na dhahabu hakuhitaji maabara. Mjerumani Friedrich Mohs alipanga mwaka 1812 kipimo cha ugumu wa madini, kuanzia 1 kwa talki, madini laini ya poda, hadi 10 kwa almasi. Dhahabu ina ugumu wa 2.5 hadi 3, pairaiti 6 hadi 6.5, na ncha ya kisu cha kawaida iko katikati, kwenye 5.5 hivi. Bonyeza kisu: kwenye dhahabu kitaacha shimo, kwenye pairaiti kitateleza. Kisha kwaruza kipande chako nyuma ya kigae cha sakafu, upande usiong'arishwa. Dhahabu huchora mstari wa manjano. Pairaiti, pamoja na unjano wake wote, huchora mstari mweusi wenye ukijani. Ukiisaga ndiyo inasema ukweli.

Halafu kuna nyundo. Gonga punje juu ya chuma kigumu: dhahabu inalala na kuwa bapa, pairaiti inapasuka kuwa unga unaonuka kiberiti. Hapa ndipo kemia inapopendeza, na mhariri anisamehe. Ndani ya dhahabu hakuna atomi iliyofunga mkataba na jirani mmoja. Elektroni za nje ni mali ya wote, kwa hiyo safu moja ya atomi ikisukumwa huteleza juu ya nyingine na bado ikabaki imeshikwa. Ndiyo maana gramu 1 ya dhahabu inaweza kufuliwa ikawa karatasi ya karibu meta 1 ya mraba. Ndani ya pairaiti, kila atomi ya chuma imeshikwa na salfa 6 katika pande zilizopangwa. Sogeza safu hatua moja tu, vifungo vyote vinakatika kwa pamoja. Hakuna dua inayobadilisha mpangilio huo.

Sasa naomba aliyemaliza kidato cha nne asiruke aya hii. Unalikumbuka swali lile: kipande cha metali kina gramu 54 na ujazo wa sentimeta za ujazo 20, tafuta densiti. Tuligawanya, tukaandika 2.7, tukapata alama, tukafunga daftari. Wachache mno waliwahi kuuliza 2.7 ni nini. Ni alumini. Namba hiyo ni kitambulisho. Kwarizi ina 2.65, pairaiti 5.0, madini ya galena yanayobeba risasi 7.5, shaba ya manjano kama 8.5, fedha 10.5, risasi 11.3, zebaki 13.5. Dhahabu safi ni 19.3. Katika vitu ambavyo mtu wa kawaida atavishika maishani mwake, karibu hakuna kinachoikaribia.

Kupima gramu ni rahisi. Kinachowashinda watu ni ujazo wa kipande kisicho na umbo. Fanya hivi. Tafuta mzani mdogo wa sonara unaosoma hadi gramu 0.01. Pima kipande kikiwa kikavu, andika. Weka kikombe cha maji juu ya mzani, kisha uurudishe kwenye sifuri. Funga kipande kwa uzi mwembamba, kishushe hadi kizame chote, lakini kisiguse chini wala ukingo. Kitikise kidogo ili mapovu yaliyong'ang'ania yatoke. Soma mzani. Gramu unazoziona ndizo sentimeta za ujazo za kipande chako.

Watu hawaamini. Wanadhani mzani utasoma uzito wa jiwe zima. Hapana: jiwe umelishika wewe kwa uzi. Maji yanalisukuma jiwe juu kwa nguvu iliyo sawa na uzito wa maji yaliyopisha, kama alivyoona Archimedes wa Syracuse zaidi ya miaka 2,200 iliyopita, na jiwe nalo linayasukuma maji chini kwa nguvu ileile. Msukumo huo wa chini ndio pekee mzani unaouona. Kwa kuwa sentimeta 1 ya ujazo ya maji ina uzito wa gramu 1, namba inajitafsiri yenyewe. Jiwe likigusa sakafu ya kikombe, uzi unalegea, mzani unaanza kubeba jiwe, na kipimo kimeharibika.

Chukua kipande cha gramu 10. Kama ni dhahabu, majini mzani utasoma 0.52. Shaba ya manjano itasoma 1.18 na pairaiti 2.00. Tofauti ni kubwa mno kukosewa, ila kwa mwenye kutumia mzani wa jikoni unaohesabu gramu nzima nzima: huo utaandika 1 kwa dhahabu na 1 kwa shaba. Walimu wanaposisitiza tarakimu zenye maana hawakukusudia kuwatesa wanafunzi.

Kwa nini 19.3? Linganisha na fedha. Atomi za metali hizi mbili zina ukubwa unaokaribia kufanana kabisa na zimepangwa kwa mtindo uleule. Tofauti ni uzito wa atomi yenyewe: dhahabu 197, fedha 108. Gawanya 197 kwa 108, unapata 1.82. Gawanya 19.3 kwa 10.5, unapata 1.84. Yaani unapoinua kipande cha dhahabu na kushangaa uzito wake, mkono wako unapima atomi. Unjano nao una hadithi yake. Kiini cha atomi ya dhahabu kina protoni 79, na elektroni zilizo karibu nacho zinakimbia kwa zaidi ya nusu ya kasi ya mwanga. Katika kasi hizo inatawala nadharia aliyoitoa Einstein mwaka 1905: baadhi ya njia za elektroni zinajikunja, nafasi kati ya ngazi za nishati inapungua, na dhahabu inaanza kumeza mwanga wa buluu, macho yetu yakabakiziwa unjano. Bila hilo ingekuwa nyeupe kama fedha. Jirani yake mwenye protoni 80 ni zebaki, nayo inakuwa kimiminika katika joto la kawaida kwa sababu zinazotoka chungu hichohicho. Tutarudi kwake kwa jambo lisilopendeza.

Hesabu hiyohiyo inamaliza biashara ya rupia bandia za Mjerumani. Ipo kweli sarafu ya dhahabu ya rupia 15, iliyogongwa Tabora mwaka 1916 kwa dhahabu ya Sekenke, yenye tembo upande mmoja. Ina gramu 7.168, na robo tatu yake ni dhahabu, kwa hiyo densiti yake inakaribia 15. Ukiiga ukubwa uleule kwa shaba ya manjano, sarafu yako itakuwa na gramu 4 hivi. Tofauti ya gramu 3 inahitaji mzani wa dukani, haihitaji mtaalamu wa majini. Tabora hiyohiyo mwaka huohuo iligonga pia sarafu za heller 20 za shaba ya manjano. Hizo ni halali kabisa na si dhahabu.

Densiti ina mipaka yake, na miwili naitaja kwa sababu matapeli wanaijua. Tangsteni ina 19.25, kwa hiyo mche wa tangsteni uliopakwa dhahabu unapita majini bila wasiwasi. Lakini ni mgumu, nyundo na kisu vinauumbua. Mpaka wa pili ni jiwe lenye mchanganyiko. Tuseme una kwarizi ya gramu 100, na majini mzani umesoma 36.0. Kwarizi tupu ya uzito huo ingesoma 37.7, kwa hiyo ndani kuna kitu kizito. Mwanafunzi hodari anaandika x/19.3 + (100 − x)/2.65 = 36, anapata x kuwa gramu 5.3 za dhahabu, na nyumbani wanaanza kupanga harusi.

Subiri. Gramu 5.3 katika gramu 100 ni sawa na kilo 53 katika tani moja ya mawe. Migodi mikubwa inapata faida kwa gramu chache tu kwa tani. Jibu la namna hiyo linatakiwa likutie shaka kabla halijakutia furaha. Rudi kwenye mlinganyo, toa 19.3, weka 5.0 ya pairaiti: unapata gramu 9.8 za pairaiti na dhahabu sifuri, na hesabu inatimia vilevile. Mlinganyo umekubali majibu yote mawili, kwa sababu aliyeuliza ndiye aliyeamua kwamba kitu kizito ni dhahabu. Utapeli mwingi wa migodini umejengwa juu ya hatua hiyo moja: unaletewa hesabu sahihi juu ya dhana ya uongo.

Kuna na vipimo vya vijiweni. Sumaku: "haishiki, basi ni dhahabu." Ulanga haushiki, shaba haishiki, pairaiti haishiki, hata kokwa la embe halishiki. Sumaku inaweza kukuambia kitu si dhahabu. Haiwezi kukuambia ni dhahabu. Meno na ulimi: ukilamba galena umelamba risasi, na pairaiti ina ndugu yake mwenye aseniki, arsenopairaiti, ambaye karibu nusu ya uzito wake ni aseniki. Asidi ya nitriki: masonara wanaitumia, na wanaijua. Wewe ukiimwaga juu ya shaba chumbani utaona moshi wa kahawia. Moshi huo mtu huuvuta, hukohoa, hupata nafuu, huenda kulala, na saa kadhaa baadaye mapafu yanaanza kujaa maji. Wanaofika hospitali huwa wamesahau hata kuutaja.

Sasa ile zebaki. Kila aliyefika mwaloni, wanakooshea dhahabu, ameona: mchanga mzito uliobaki baada ya kuoshwa unatiwa zebaki kwenye karai, mikono mitupu inakoroga, dhahabu inanaswa, bonge linakamuliwa kwa kitambaa, kisha linachomwa. Linachomwa wapi? Mara nyingi jikoni, kwenye sufuria au kopo, mama na watoto wakiwa hapohapo, kwa kuwa mwenye mali anaogopa kuichomea hadharani. Zebaki huchemka kwa nyuzi joto 357, moto wa mkaa wa kawaida kabisa. Bonge hilo kwa kawaida huwa karibu nusu zebaki. Fanya hesabu ya bonge la gramu 10: gramu 5 zinakuwa mvuke. Chumba cha meta 3 kwa 3, urefu meta 2.5, kina meta za ujazo 22.5. Nikupe nafuu kubwa, niseme asilimia 99 ya mvuke imetoka dirishani. Iliyobaki ni gramu 0.05, sawa na mikrogramu 50,000, na ukigawanya kwa 22.5 unapata zaidi ya mikrogramu 2,200 katika kila meta ya ujazo. Kikomo cha Umoja wa Ulaya kwa mfanyakazi wa kiwandani ni 20.

Na hapa ndipo ninapoletewa maziwa. Kila mahali: "tunakunywa maziwa baada ya kuchoma, yanaondoa sumu." Maziwa yanakwenda tumboni. Mvuke uko mapafuni. Maziwa hayafiki huko, na yakifika ni msiba mwingine. Cha ajabu ni kwamba tone la zebaki likimezwa, utumbo hufyonza sehemu ndogo mno. Hatari ya metali hii iko hewani. Takriban asilimia 80 ya mvuke unaovutwa hubaki mwilini. Atomi ya zebaki katika mvuke haina chaji, kwa hiyo hupita kwenye kuta za mapafu, huingia damuni na kuufikia ubongo bila kuzuiwa. Ikishaingia ndani ya seli, kimeng'enya kiitwacho katalesi huinyang'anya elektroni mbili. Sasa ina chaji, na mlango ulioiruhusu kuingia hauiruhusu kutoka. Mlango wa kondo la nyuma nao ni huohuo, ndiyo maana mjamzito anayekaa karibu na moto huo anavuta kwa wawili. Mkono unaanza kutetemeka, maandishi yanaharibika, hasira zinakuwa za karibu, usingizi unapotea, fizi zinavimba. Majirani wanasema amerogwa, na mganga hakosekani wa kulithibitisha hilo kwa ada.

Inayomwagwa mtoni ina safari nyingine: bakteria wa kwenye tope huibadilisha kuwa methili-zebaki, inayopanda kutoka samaki mdogo hadi mkubwa. Aina hiyo ndiyo iliyowaangamiza watu wa Minamata, Japani, ugonjwa uliotambuliwa rasmi mwaka 1956. Mkataba unaobeba jina la mji huo ulianza kutumika 2017, na unazitaka nchi zenye wachimbaji wadogo wengi zichukue hatua za kukomesha uchomaji wa wazi na uchomaji kwenye makazi ya watu.

Anayeona kutambua madini ni mambo ya mitihani tu aitazame Zamfara, kaskazini mwa Nigeria, mwaka 2010. Mawe ya dhahabu ya huko yalikuwa na risasi nyingi. Yalisagwa vijijini, baadhi kwa mashine za kusagia nafaka, vumbi likatua uani ambako watoto wanacheza na kula. Watoto zaidi ya 400 walikufa katika miezi michache. Galena ni nzito, kwa hiyo hubaki chini ya karai pamoja na dhahabu. Ina rangi ya risasi inayong'aa, huvunjika kwa vipande vya pembe nne, na unga wake ni wa kijivu. Anayejua mambo hayo matatu angeweza kuiona. Hakuna aliyewafundisha.

Kuhusu zebaki nyekundu, ile inayodaiwa kuwamo ndani ya redio na televisheni za zamani na kuuzwa kwa mamilioni, nitatumia mistari michache kwa sababu haistahili zaidi. Haipo. Mwaka 2009 uvumi kama huo ulipandisha bei ya cherehani kuukuu za Singer huko Saudi Arabia, na ndani ya cherehani hizo hakukuwa na kitu. Chenye zebaki na wekundu katika maumbile ni sinaba, HgS, jiwe ambalo asilimia 86 ya uzito wake ni zebaki. Thamani yake haifiki popote karibu na bei hizo, na ukilichoma linatoa mvuke uleule nilioueleza.

Ushauri, haraka. Usichome nyumbani, tumia ritoti, chombo kilichofungwa kinachoupoza mvuke na kuirudisha zebaki yako ya kutumia tena, na hata hicho kiwe nje. Nguo za mwaloni zisifuliwe na za watoto. Wajawazito na watoto wakae mbali kabisa. Usisage mawe kwenye mashine ya unga. Jiwe lipeleke kwenye soko la madini la mkoa, yapo tangu 2019, au kwa Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini, Dodoma. Anayetaka hela kabla hajalitia majini mbele ya macho yako, muage. Na ukiona mtetemo wa mikono, nenda hospitali uulizie kipimo cha zebaki kwenye mkojo. Mwambie daktari kazi unayofanya hata asipokuuliza, la sivyo unaweza kuondoka na dawa za wasiwasi na kesho yake ukarudi kwenye moto.